Mafuta Kwenye Ini Hayasubiri Uzee

Kijana anakwenda kupiga ultrasaundi kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Anahofia vidonda, au mawe kwenye kifuko cha nyongo. Majibu yanapotoka, mawe hayapo, ila mwisho wa karatasi kuna mstari ambao hakuutarajia: ini lina mafuta. Ndivyo ugonjwa huu unavyogunduliwa mara nyingi mijini, kwa bahati tu, wakati daktari alikuwa akitafuta kitu kingine kabisa.

Akifika nyumbani, karatasi ile inageuka kesi. Swali la kwanza la mama, au la mke, ni ameanza lini kunywa. Kama ni kijana wa Unguja au wa Mombasa ambaye pombe hajawahi kuionja, anajikuta akijitetea kwa dhambi asiyoitenda, na si ajabu akaona heri kuikunja karatasi, kunyamaza na kutorudi kliniki. Hapo ndipo dhana ya kwamba maradhi ya ini ni ya walevi na wazee inapoleta madhara. Inamwaibisha asiye na kosa. Inampa faraja ya uongo asiyekunywa. Na inawafanya hata watumishi wa afya wasimtazame mtu wa miaka 25 aliyeketi mbele yao na kitambi kinachoanza.

Dhana hiyo imeshapitwa na ushahidi, na kuiacha iendelee ni kuwaacha vijana waumie kwa ugonjwa ambao, ukijulikana mapema, unarudi nyuma.

Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu. Linatengeneza nyongo, linahifadhi sukari ya akiba, linavunjavunja dawa na sumu, linaunda protini zinazogandisha damu mtu anapojikata. Katika hali ya kawaida halina mafuta ya kuhesabika. Mafuta yakionekana katika asilimia 5 au zaidi ya seli zake, huo tayari ni ugonjwa. Wengi huishia hatua hiyo ya kwanza. Kwa wengine seli hujaa, huvimba na kufa, na mwili huziba pengo kwa kovu. Kovu likisambaa, ini hukakamaa na kusinyaa, na mwisho wa njia hiyo ni ini kushindwa kazi au saratani.

Mwaka 1980, daktari wa Mayo Clinic huko Marekani aitwaye Jurgen Ludwig aliandika pamoja na wenzake kuhusu wagonjwa 20 ambao vipande vya maini yao, vikitazamwa kwa darubini, vilifanana kabisa na vya walevi. Wagonjwa wenyewe hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na baadhi walikuwa na kisukari. Tangu wakati huo ushahidi umeongezeka hadi mwaka 2023, vyama vya kimataifa vya wataalamu wa ini vilipokubaliana kuutambua ugonjwa huu kwa kile kinachousababisha badala ya kile kisichousababisha. Sasa mtu mwenye mafuta kwenye ini anaulizwa mambo matano: unene au ukubwa wa kiuno, sukari ya damu, shinikizo la damu, mafuta ya damu aina ya trigliseridi, na upungufu wa kolesteroli nzuri. Likiwepo hata moja, na pombe ikiwa si nyingi, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Umri haumo kwenye orodha hiyo, na kuna sababu.

Katika jiji la Bristol nchini Uingereza, watafiti wa chuo kikuu wamekuwa wakiwafuatilia watoto waliozaliwa eneo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watoto hao walipofika miaka 24, takriban 4,000 kati yao walipimwa ini kwa kifaa kinachotumia mawimbi ya sauti kukadiria mafuta na ugumu wa ini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Hata baada ya kuwaondoa kwenye hesabu wale waliokunywa pombe kupindukia, kijana mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za mafuta kwenye ini. Karibu mmoja kati ya 40 alikuwa na dalili za kovu. Hawa hawakuwa wagonjwa waliokwenda hospitali kulalamika. Walikuwa vijana wa kawaida, wanaosoma, wanaofanya kazi, ambao bila utafiti ule pengine wasingejua lolote kwa miaka mingi.

Kuna ushahidi wa umri mdogo zaidi, tena mzito. Huko San Diego, Marekani, wataalamu walichunguza maini ya watoto na vijana 742 wa miaka 2 hadi 19 waliofariki kati ya 1993 na 2003 na kufanyiwa uchunguzi wa maiti. Kwa wale wa miaka 15 hadi 19, takriban asilimia 17 walikuwa na mafuta kwenye ini. Na nchini Sweden, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliwafuatilia watoto na vijana zaidi ya 700 ambao ugonjwa huu ulithibitishwa kwa kukatwa kipande cha ini kabla hawajavuka miaka 25. Hatari yao ya kufa katika miaka iliyofuata ilikuwa zaidi ya mara tano ya ile ya wenzao. Ni kweli kwamba mtu hukatwa kipande cha ini pale tu madaktari wanapokuwa na wasiwasi, hivyo hao walikuwa wagonjwa kuliko kijana wa kawaida mwenye mafuta. Hata hivyo, utafiti huo unafuta wazo kwamba tatizo hili ukiwa kijana ni jambo dogo la kusubiri.

Msomaji wa Dodoma au Kisumu anaweza kusema hayo ni ya Wazungu. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba asilimia 25 ya watu wazima duniani wana ugonjwa huu, na kwamba Afrika iko chini, karibu asilimia 13. Kufikia mwaka 2023 makadirio ya dunia yalikuwa yamepanda hadi asilimia 30 hivi. Namba ya Afrika inatokana na tafiti chache mno, na bara lisilopima haliwezi kujisifu kwamba liko salama. Kinachopimwa vizuri zaidi ni unene, nao unatoa picha inayotisha. Kenya ilipofanya utafiti wake wa kitaifa wa afya mwaka 2008 na 2009, robo ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 wakawa theluthi. Tanzania nayo ilipanda kutoka asilimia 11 mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi 28 katika utafiti wa 2015 na 2016. Mafuta ya ini huja nyuma ya namba hizo.

Nasaba nayo ina nafasi yake. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas walibaini badiliko katika jeni iitwayo PNPLA3 linalowaweka watu katika hatari kubwa zaidi ya ini lenye mafuta, na badiliko hilo ni nadra zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika. Lakini katika jiji hilohilo, karibu robo ya Wamarekani weusi waliopimwa walikuwa na mafuta kwenye ini. Nasaba inapunguza mzigo, haiuondoi.

Mzigo wenyewe unaingiaje? Chanzo kikuu ni mafuta yanayozunguka utumbo, yale yanayofanya shati lisifunge vifungo. Mafuta hayo hayatulii. Yanaachia asidi zake kwenye damu, na damu inayotoka kwenye utumbo hupita kwanza kwenye ini. Wakati huohuo seli za mwili huanza kuigomea insulini, kongosho nalo hulazimika kuimwaga zaidi, na insulini nyingi huliamuru ini litengeneze mafuta zaidi. Ndiyo maana kisukari cha aina ya pili na ini lenye mafuta hutembea pamoja.

Kisha kuna sukari ya kunywa. Sukari ya mezani ni nusu glukosi na nusu fruktosi. Glukosi hutumiwa na mwili mzima, lakini sehemu kubwa ya fruktosi hushughulikiwa na ini, na ikija kwa wingi na kwa haraka, ini huigeuza mafuta. Soda ya kola ya kawaida ina takriban gramu 10 na nusu za sukari katika kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 inabeba gramu 37, sawa na vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana aishie 25. Kijana anayeanza siku kwa chai ya vijiko vitatu na maandazi, akashushia chipsi za mchana kwa soda, kisha jioni akanunua kinywaji cha kuongeza nguvu ili akeshe na bodaboda yake au na mitihani yake, amevuka kiwango hicho kabla ya chakula cha usiku. Wala hajafanya jambo la ajabu. Amekula kilichopo, kwa bei anayoimudu, mahali alipo.

Kwamba sukari hiyo ina mkono wake kwenye ini kumethibitishwa kwa majaribio. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wavulana 40 wa miaka 11 hadi 16 wa Marekani, wote wakiwa na mafuta kwenye ini. Kwa wiki nane, nusu yao walipewa chakula kisicho na sukari ya kuongezwa isipokuwa kidogo sana, tena familia nzima ikala hivyohivyo. Mafuta ya ini yao yalishuka kutoka asilimia 25 hadi 17. Kwa wale waliobaki na mlo wao wa kawaida, yalitoka 21 hadi 20.

Kukaa kitako kunaongeza tatizo. Mhudumu wa benki, dereva wa teksi ya mtandao, mwanafunzi wa kompyuta na mshonaji wanaweza kupita siku nzima bila kutembea hatua za kutosha, kisha foleni ikawamalizia saa mbili nyingine wakiwa wameketi. Wapo pia vijana walio katika hatari wasiojijua: wasichana wenye tatizo la homoni linalovuruga hedhi na kuacha vifuko vingi vidogo kwenye ovari, na watu wembamba kwa macho lakini wenye tumbo lililojaa au kisukari katika ukoo. Wembamba nao hupata ugonjwa huu.

Pombe haijasafishwa kwa hoja hii. Ini lenye mafuta na pombe nyingi ni maadui wanaosaidiana, na kijana mwenye kitambi anayemaliza wikiendi kwa bia na nyama choma analichosha ini lake kwa njia mbili kwa mpigo. Kosa ni kuiona njia moja tu.

Ugumu mkubwa ni kwamba ini halilalamiki. Pengine mtu husikia uchovu, au uzito upande wa kulia chini ya mbavu, na wengi hawasikii chochote. Vipimo navyo vina mapengo yanayowaangukia hasa vijana. Vimeng'enya vya ini kwenye damu vinaweza kusoma sawasawa huku mafuta yamejaa. Ultrasaundi ya kawaida huona mafuta yakiwa mengi, ila yakiwa machache huyakosa. Ipo hesabu inayotumika sana duniani kukadiria kovu, iitwayo FIB-4, inayochanganya umri, vimeng'enya viwili na idadi ya chembe sahani za damu. Ni rahisi na nafuu, lakini kwa walio chini ya miaka 35 haiaminiki, kwa kuwa umri mdogo unaishusha namba na kumfanya mgonjwa aonekane salama. Kifaa kinachopima ugumu wa ini, kama kile cha Bristol, hapa kwetu hupatikana katika hospitali chache kubwa.

Kwa hiyo kijana wa Afrika Mashariki hatapatikana kwa mashine. Atapatikana kwa tepu ya fundi cherehani. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linatumia kwa Waafrika walio kusini mwa Sahara mpaka wa sentimita 94 za kiuno kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Aliyevuka hapo apimwe sukari, shinikizo na mafuta ya damu, na ini lake litazamwe. Kazi hiyo inaweza kufanywa na muuguzi wa zahanati kwa dakika chache.

Kuna pingamizi la haki hapa. Hospitali zetu zinahangaika na malaria, na wajawazito, na homa ya ini aina ya B ambayo bado inaua. Kwa nini zitafute ugonjwa usiouma? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, watoto wa ukanda huu wanachanjwa dhidi ya homa ya ini B tangu miaka ya mwanzo ya 2000, lakini dhidi ya mafuta hakuna chanjo. Pili, wenye ini lenye mafuta hufa zaidi kwa moyo kuliko kwa ini lenyewe. Tepu ileile inayomnasa mgonjwa wa ini inamnasa mgonjwa wa kesho wa kisukari, wa kiharusi na wa moyo, ambao gharama yao hospitali zinailipa tayari.

Habari njema ni kwamba ini husamehe. Huko Cuba, madaktari waliwafuatilia kwa mwaka mmoja wagonjwa 293 waliokuwa na mafuta na uvimbe kwenye ini, wakawapa ushauri wa mlo na mazoezi, na kuchunguza vipande vya maini yao mwanzo na mwisho. Kwa waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao au zaidi, tisa kati ya kumi uvimbe uliondoka, na karibu nusu kovu lilirudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 80, hizo ni kilo nane. Hata kilo nne hupunguza mafuta, na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki huyapunguza hata mizani isiposogea.

Lakini matokeo yaleyale ya Cuba yana upande ambao haupaswi kufichwa: ni mgonjwa mmoja tu kati ya kumi aliyefikia upungufu huo wa asilimia 10, ingawa wote walikuwa na madaktari wanaowafuatilia. Nia ya mtu mmoja, ikiachwa ipambane na mtaa mzima, mara nyingi inashindwa. Dawa nazo si kimbilio la karibu. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha ya kwanza, resmetirom, Machi 2024, na semaglutide ikafuata Agosti 2025, zote kwa wenye kovu la kati au kubwa ambao ini lao halijasinyaa, na zote pamoja na mlo na mazoezi. Resmetirom iliingia sokoni kwa bei ya zaidi ya dola 47,000 kwa mwaka.

Pengo hilo linajazwa na wauzaji. Kwenye simu, kila siku kuna anayetangaza chupa ya kusafisha ini kwa siku saba. Ini halikusanyi uchafu wa kuoshwa. Mafuta yake yamo ndani ya seli na hutoka pale mwili unapoyatumia. Kibaya zaidi, baadhi ya mitishamba na vidonge vya kupunguza unene, vikiwemo vile vya chai ya kijani iliyokolezwa, vimewahi kuliumiza ini lenyewe. Mamlaka za dawa zinazokagua maduka zinapaswa kukagua na matangazo hayo, na kuyaondoa yanayoahidi tiba bila ushahidi.

Mambo mengine hayahitaji kusubiri. Kliniki za kisukari na shinikizo ziweke kipimo cha kiuno na swali la ini katika kadi ya kila mgonjwa, wa miaka 20 sawa na wa miaka 60. Vyuo vikuu na waajiri, ambao tayari humtaka kijana afanyiwe uchunguzi wa afya anapojiunga, waongeze tepu na sukari ya damu, na majibu yawe ya kumsaidia, si ya kumnyima nafasi. Migahawa ya vyuo iweke maji safi ya bure palipo na friji ya soda. Na mtoa huduma anayempa kijana majibu ya ini lenye mafuta amweleze wazi, ikiwezekana mbele ya mwenzi au mzazi, kwamba pombe si sababu pekee. Sentensi moja ya namna hiyo inaweza kuokoa ndoa na kumrudisha mgonjwa kliniki.

La mwisho liko mikononi mwa mawaziri wa fedha. Tanzania na Kenya kwa muda mrefu zimetoza ushuru wa soda kwa lita, hivyo mtengenezaji hapati faida yoyote kwa kupunguza sukari. Afrika Kusini ilichagua njia nyingine mwezi Aprili 2018: kila gramu ya sukari inayozidi nne katika mililita 100 inalipiwa. Viwanda vikapunguza sukari kwenye mapishi yao, na sukari ambayo kaya zilinunua kupitia vinywaji hivyo ikashuka kutoka takriban gramu 16 kwa mtu kwa siku hadi chini ya 11. Kila Juni bajeti za Dodoma na Nairobi husomwa, na mara nyingi soda hutajwa humo kama chanzo cha mapato. Bajeti ijayo ihesabu gramu badala ya lita, na sehemu ya fedha hizo inunue tepu, vipimo vya sukari na mashine za ultrasaundi kwa hospitali za wilaya na za kaunti, ambako kijana mwenye miaka 24 anaweza kufika kwa nauli yake mwenyewe.